TOPE LA MABWAWA YETU LATOKA KWA NANI?

Mvua zianzapo katika nchi ya Unyamwezi, kwa kawaida mwezi wa Novemba, mito na vijito hubadilika rangi kwa usiku mmoja. Pale palipokuwa na mchanga mkavu hupita maji mazito kama uji, mekundu mahali pengine na ya kijivu mahali pengine. Mpita njia husimama darajani akasema kwamba mwaka huu mto umejaa. Ni kweli umejaa, lakini haukujaa maji peke yake. Ndani ya maji yale mna shamba la mtu, tena lile tabaka la juu ambalo ndilo lenye kulisha mahindi, mtama na karanga. Tabaka hilo huchukua mamia ya miaka kufanyika hata likafikia unene wa sentimita chache tu; nalo huweza kuondoka katika mvua za misimu michache.

Shamba hilo ni la nani? Swali hilo huulizwa kila mahali, na kila mahali majibu yako tayari kabla ya swali kwisha. Mkulima humtaja mfugaji na ng'ombe wake. Mfugaji humtaja mkulima wa tumbaku aliyekata miti. Wote wawili humtaja mchoma mkaa. Mtu wa mjini, ambaye bomba lake limetoa maji ya tope, huwataja wote watatu. Kutokana na majibu hayo watu wamegombana, mifugo imefukuzwa, na amri zimetolewa. Lakini ni mara ngapi mtu amekwenda kuchukua tope lenyewe akaliuliza limetoka wapi?

Twasema hivi kwa sababu jambo hilo lawezekana. Siku hizi iko elimu ya kufuata nyayo za udongo tangu bwawani hata shambani. Elimu hiyo imekwisha kutumika katika nchi yetu, na sisi twaona kwamba watu wa Tabora na wa njia yote ya zamani ya misafara, kutoka Ugogo mpaka Ujiji, wanaihitaji sana.

NJIA YA MISAFARA NI NJIA YA MAJI

Kila mtoto wa shule anaijua njia ile. Ilianza Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Tabora, ikaendelea kuvuka mto Malagarasi hata Ujiji katika Ziwa Tanganyika. Burton na Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora, mwezi wa Novemba 1857, wakaingia Ujiji mwezi wa Februari 1858. Lakini wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wakiijua njia hiyo tangu zamani. Baadaye reli ilifuata karibu njia ile ile: ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914.

Linalosahauliwa ni kwamba maji nayo yana safari yake katika nchi hiyo. Ukiacha upande wa Igunga, ambako maji hushuka kuelekea mbuga za Wembere, sehemu kubwa ya maji ya Tabora huenda magharibi. Mto Igombe na mto Ugalla huingia katika Malagarasi, na Malagarasi humwaga katika Ziwa Tanganyika. Bonde hilo lina ukubwa wa kilomita za mraba kama 130,000. Kwa hiyo udongo uliong'oka katika shamba la Tabora huanza safari ya kwenda upande wa Ujiji, kama alivyokwenda mpagazi. Tofauti ni kwamba mpagazi alirudi kwao.

Si udongo wote ufikao ziwani. Mwingi hutua njiani: katika mabonde ya mpunga, katika mabwawa kama ya Igombe na Kazima ambayo mji wa Tabora uliyategemea kwa miaka mingi, na katika vinamasi vikubwa vya Malagarasi na Moyowosi. Vinamasi hivyo viliandikwa mwaka 2000 kuwa eneo la kwanza la Tanzania chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu. Ni chujio tulilopewa bure. Lakini chujio lolote likitiwa machicha kupita kiasi huziba.

HASARA TULIYOKWISHA KUIONA

Asiyeamini kwamba udongo wa jirani waweza kumdhuru aliye mbali na aikumbuke reli. Kati ya Kilosa na Gulwe reli ya kati hufuata bonde lile lile la mto Mkondoa lililofuatwa na misafara. Mto huo hukusanya maji na mchanga kutoka milima na nyanda za Mpwapwa na Dodoma. Mchanga ukijaa mtoni, kitanda cha mto huinuka. Kitanda kikiinuka, maji hutafuta njia nyingine, na njia iliyo karibu ni tuta la reli. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliharibu reli vibaya, watu wa Kilosa wakapoteza nyumba zao, na safari za treni kutoka pwani kwenda Tabora na Kigoma zikakatika kwa miezi. Mfanya biashara wa Tabora aliyekosa bidhaa zake mwaka ule alikuwa akilipa deni la udongo wa Ugogo.

Katika mwisho wa njia, kule ziwani, hasara ni ya namna nyingine. Ziwa Tanganyika lina samaki wa aina nyingi wasiopatikana mahali pengine duniani, na wengi wao huishi na kuzaa katika miamba ya kando kando. Tope likifunika miamba, chakula chao na mazalio yao hufunikwa pia. Wataalamu walichimba mashapo ya ziwani mbele ya mabonde mawili yaliyo jirani: bonde la Gombe, ambalo lilifanywa hifadhi tangu 1943 na kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1968, na bonde la Mwamgongo ambalo limelimwa na kukatwa miti. Milima ni ile ile na mvua ni ile ile, lakini mbele ya Mwamgongo dalili za mmomonyoko zilikuwa kubwa zaidi. Hapo twaona kwamba si mvua iliyo na hatia. Ni jinsi ardhi ilivyoikuta mvua.

NAMNA YA KUFUATA NYAYO

Watu wa Unyamwezi na Usukuma hawahitaji kufundishwa maana ya kufuata nyayo. Ng'ombe akiibwa, vijana hufuata alama zake kutoka zizini, kijiji hata kijiji, mpaka mahali zinapokoma. Hakuna anayeshtakiwa kwa kuwa ana sura mbaya. Hushtakiwa yule ambaye nyayo zimeingia kwake. Elimu tunayoisema hapa ni hiyo hiyo, isipokuwa nyayo zake hazionekani kwa macho.

Msingi wake ni kwamba udongo haufanani. Mkulima wa Kisukuma hutofautisha luseni, udongo wa kichanga ulio juu ya mteremko, na ibushi, na itogolo, na udongo mweusi wa mbuga ulioko chini kabisa. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha Amani, alipoitembelea Tanganyika katika miaka ya 1930 alieleza kwa wataalamu wenzake kwamba aina za udongo hupangana kando ya mlima kama pete za mnyororo, na maelezo yake yakawa somo la dunia nzima. Wakulima wetu walikuwa na majina ya pete hizo zamani.

Mtaalamu, basi, huchukua udongo kutoka kila mahali panaposhukiwa: shambani, malishoni, katika njia za ng'ombe, kando ya barabara, katika kuta za makorongo, katika kingo za mto na msituni. Kisha huchukua tope la bwawani. Hupima madini yaliyomo katika kila kimoja, na kulinganisha. Mama mzoefu akionja ugali hujua kama unga ni wa mtama mtupu au umetiwa muhogo, na pengine hukisia ni kiasi gani. Mtaalamu hufanya vivyo hivyo kwa hesabu, akasema fungu hili latoka malishoni na fungu lile latoka korongoni.

Ziko alama nyingine za ajabu zaidi. Mataifa makubwa yalipojaribu mabomu ya atomu angani, hasa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, vumbi lake lilienea duniani na kuanguka pamoja na mvua. Katika vumbi hilo mlikuwamo sesiamu, ambayo hushikamana na udongo wa juu. Tope lenye sesiamu limetoka juu ya ardhi, kwa mfano shambani au malishoni. Tope lisilo nayo limetoka chini, katika kuta za korongo au kingo za mto. Alama hiyo hupungua nusu kila baada ya miaka 30 hivi, na katika nchi za kusini ilianguka kidogo kuliko kaskazini. Kwa hiyo asiyeharakisha ataikosa. Iko pia risasi ya asili ianguka­yo kutoka hewani siku zote, ambayo hupungua nusu kila miaka 22 hivi. Kwa hiyo matabaka ya tope yaweza kuhesabiwa umri wake. Hata mimea huacha alama ya nta zake katika udongo, ikajulikana kama udongo ule ulikuwa na mahindi au na miti.

USHAHIDI HAUAZIMWI

Sasa na tutazame majibu yaliyopatikana, maana yanatufundisha jambo kubwa.

Kuanzia mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Uppsala cha Sweden vilichunguza mabwawa ya Dodoma, kama Ikowa, Matumbulu na Msalatu, na matokeo yakatangazwa mwaka 1972 na Anders Rapp, Len Berry na Paul Temple. Waliona kwamba mabwawa yalikuwa yakijaa mchanga kwa kasi ambayo ingeyamaliza katika umri wa mtu mmoja. Kila mtu alikuwa akiyanyoshea kidole makorongo, kwa sababu yanatisha kwa macho. Lakini vipimo vilionyesha kwamba sehemu kubwa ya udongo ilikuwa ikichukuliwa na maji membamba yanayotiririka juu ya ardhi tupu iliyolimwa au kulishwa kupita kiasi, bila kishindo na bila kuacha shimo. Haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba hicho kilikuwa bwawa.

Katika Australia ya kaskazini mashariki jibu lilikuwa kinyume. Wataalamu walipochunguza tope linaloingia katika bahari ya matumbawe, sesiamu ilionyesha kwamba sehemu kubwa yake ilitoka chini ya ardhi, katika makorongo na kingo za mito. Fedha zilizokuwa zikielekezwa juu ya mteremko ilibidi ziteremke korongoni.

Na katika bonde la Ziwa Manyara, wataalamu wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha na wenzao wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walitangaza mwaka 2020 kwamba mashapo ya ziwa yameongezeka sana katika muda wa zaidi ya miaka mia moja, na kwamba zaidi ya nusu yake yalikuwa yakiletwa na mto mmoja, Makuyuni. Mito ni mingi, lakini mshtakiwa mkuu alikuwa mmoja.

Nchi tatu, majibu matatu. Mtu angechukua jibu la Ugogo akalipeleka Australia angepoteza fedha; na mtu atakayechukua jibu la Manyara akalileta Tabora bila kupima aweza kuwadhulumu watu. Mabwawa twaweza kuyaiga, ushahidi hauazimwi.

TABORA INA HISTORIA YAKE

Yako mambo mengi yaliyopita juu ya ardhi ya Tabora, na kila moja laweza kushukiwa. Misafara ya karne ya 19 ilihitaji chakula na kuni, na mashamba yaliyozunguka Tabora yaliilisha. Kisha zikaja vita, na katika miaka ya 1890 sotoka ikaua ng'ombe. Watu wakapungua, pori likarudi, na mbung'o wakarudi pamoja nalo. Serikali ya kikoloni ikawahamisha watu na kuwakusanya pamoja kwa ajili ya malale. Ukaja mpango wa karanga wa Waingereza, ambao Urambo ilikuwa moja ya sehemu zake tatu. Ulianzishwa mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, baada ya kula zaidi ya paundi milioni 35, na ardhi iliyofyekwa kwa matrekta ikabaki. Katika Urambo tumbaku ilishika mahali pa karanga. Tumbaku ya mvuke huhitaji bani, na bani huhitaji kuni, na kuni ni msitu wa miombo. Katika miaka ya 1970 watu wakahamia vijijini, na mashamba yaliyokuwa yametawanyika yakasongamana mahali pamoja. Baadaye wakaja wafugaji wengi na ng'ombe wao, wakitafuta malisho waliyoyakosa walikotoka.

Nani kati ya hao aliyejaza bwawa? Mwenye kusema ni mmoja tu, bila kupima, anabahatisha. Na ardhi ya Tabora si ya milima. Ni nchi ya miteremko mipole, hupata mvua za kadiri ya milimita 900 kwa mwaka, karibu zote kati ya Novemba na Aprili. Katika nchi ya namna hiyo udongo huibwa polepole, na mwizi wa polepole ndiye mgumu kumshika. Yawezekana kabisa kwamba njia za miguu, njia za ng'ombe na mifereji ya barabara, ambazo hazina mwenyewe wala mtetezi, zina sehemu kubwa kuliko tunavyodhani. Wenye kugombana shambani hawazitaji kamwe.

AMRI BILA USHAHIDI

Tunasisitiza jambo hili kwa sababu twajua gharama ya kukosea. Katika Uluguru Waingereza waliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi, wakiamini kwamba dawa ni moja. Mahali pengine matuta yale yalifukua udongo usio na rutuba, na jasho la watu likapotea. Mwaka 1955 watu walikataa, ghasia zikatokea, na mpango ukafa. Kilichobaki kwa miaka mingi ni chuki ya neno lenyewe, “hifadhi ya udongo”.

Katika Kondoa mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 ng'ombe wote waliondolewa katika eneo lililoharibika. Ni haki kusema kwamba majani yaliota na miti ikarudi. Lakini ni haki vile vile kusema kwamba familia zilizokuwa na maziwa na mbolea zilikosa, na ng'ombe waliohamishwa hawakuacha kula. Walikwenda kula kwa wengine. Tope liliondolewa katika hesabu ya Kondoa, pengine likaandikwa katika hesabu ya jirani.

Mfano wa tatu ni wa Monduli. Huko wataalamu waliokuwa wakifuata nyayo za udongo hawakuishia kupima. Walikaa na wafugaji wa Kimaasai, wakawaonyesha udongo unatoka wapi, wakasikiliza kwa nini malisho yamebadilika, na wazee wenyewe wakazungumza habari za sheria ndogo za malisho. Hakuna aliyehukumiwa kwanza akaelezwa baadaye.

YATUPASA TUFANYE NINI

Kwanza, tope la Igombe na la Kazima lipimwe. Maji ya Ziwa Victoria yamefika Tabora kwa bomba, nasi twashukuru. Lakini isiwe sababu ya kuyasahau mabwawa. Bomba la mamia ya kilomita laweza kupasuka, na bwawa lililo jirani ni akiba. Aidha, ndani ya tope la mabwawa hayo mmeandikwa habari za mashamba yote yaliyo juu yake, mwaka kwa mwaka. Kulifukua na kulitupa bila kulisoma ni kuchoma daftari.

Pili, kazi hiyo isiwe ya wageni peke yao. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Tumbi kipo pale pale Tabora, na kimewahi kuchunguza kwa miaka mingi miti ya kurudisha rutuba na kutoa kuni. Chuo Kikuu cha Sokoine kipo Morogoro, Taasisi ya Nelson Mandela ipo Arusha, na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika ina makao yake Kigoma. Vyombo tunavyo, vinahitaji kukutanishwa.

Tatu, wazee waulizwe. Sesiamu haiwezi kusema ni mwaka gani njia ya ng'ombe ilihamishwa, au ni lini msitu ule ulifyekwa, wala kwa nini. Mzee aliyeishi hapo anajua. Mkulima ajuaye luseni na mbuga ni shahidi, na ushahidi wake uandikwe pamoja na wa maabara.

Nne, dawa ifuate ugonjwa. Kama ni mashamba, basi matuta yakingamishwe na mteremko na kufungwa, kama walivyofundishwa watu wa Usukuma, ili kila tone libaki lilipoanguka. Kama ni malisho, wafugaji na wakulima wakae pamoja wapange njia na zamu. Kama ni mifereji ya barabara, fundi wa barabara aitwe, naye ajibu kama wengine. Kama ni mabani ya tumbaku, wanunuzi wa tumbaku wachangie miti, wala mzigo wote asibebeshwe mkulima ambaye ndiye mwenye pato dogo kuliko wote.

Twajua watakaosema kwamba uchunguzi ni gharama na mvua haingoji. Sisi twawajibu kwamba gharama kubwa kuliko zote ni kufanya kazi mahali pasipohusika. Kijiji chaweza kupanda miti elfu kumi juu ya mlima na tope likaendelea kutoka korongoni. Na mwaka wa pili hakuna atakayekubali kushika jembe tena. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee wetu. Lakini aendaye kuziba ufa sharti kwanza ajue uko ukuta gani.

Msimu wa kiangazi, vijito vikiwa vikavu na makorongo yakipitika kwa miguu, ndio wakati wa kuchukua udongo. Viongozi wa mikoa ya Tabora, Kigoma na Dodoma wasingoje mto mwingine ujae ndipo waanze kuulizana. Na hata kabla ya vipimo kufika, mkulima na mfugaji wanaoshitakiana leo waweza kufanya jambo moja lisilo na gharama: wafuatane mvua inaponyesha, waone kwa macho yao wenyewe maji yanaanzia wapi kuwa mekundu.